Njia ya Nyuma ya Kichuguu

Mwaka 1951 nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kila asubuhi ya shule nilipanga foleni mbele ya baba yangu mzazi.

Baba, Tobias, alikuwa mlinzi wa kizuizi cha ndorobo kwenye barabara ya zamani ya misafara, upande wa Kigwa. Huku kwetu kulikuwa na pori lenye asali nyingi na ndorobo wengi, wale inzi wanaouma na kueneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Ng'ambo ya kizuizi pori lilikuwa limefyekwa. Huko ndiko ilikokuwa shule, na huko ndiko watu walikofuga. Serikali ilikuwa imelaza mti mweupe kukingama barabara, na sheria yake ilikuwa moja tu: hakuna anayetoka porini kwenda kwenye mifugo bila kukaguliwa.

Kukaguliwa kwenyewe kulichosha roho. Unatua mzigo, unanyoosha mikono. Baba anakuzunguka na kijiwavu chake chenye mpini, anakupangusa mgongo kwa tawi la majani, anasema, "Geuka." Kisha anahamia kwenye mzigo. Mbele yangu walikuwa warina asali na baiskeli zao zilizosheheni madebe, wanawake wenye matita ya kuni, na siku nyingine lori la Velji, mwenye duka mjini Tabora. Lori liliingizwa kwenye banda la giza mpaka ndorobo waliomo watoke kufuata mwanga wa kidirisha. Velji alifoka kwamba chumvi haijawahi kuzaa ndorobo.

"Ni kweli, Bwana Velji," baba alimjibu. "Ingiza gari."

Ilipofika zamu yangu, mkoba wangu wa kaniki ulipekuliwa kama wa mtu asiyejulikana. Mwaka mzima baba hakupata ndorobo kwangu. Hata mmoja! Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto.

Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini, na mara nyingi niliisikia ikigongwa nikiwa bado nimenyoosha mikono. Mwalimu Damas hakuwa na maneno mengi kwa wachelewaji. Alionyesha jembe, kisha akaonyesha kisiki cha kung'oa. Juma moja niling'oa visiki siku nne mfululizo, na Flavia, mwenzangu wa darasa kutoka kijijini kwetu, aling'oa vya pembeni yangu. Hesabu za mafungu zilifundishwa sisi tukiwa nje na jembe.

"Na baba yako ndiye mlinzi," Flavia alinisimanga. "Mimi ningekuwa wewe, ningepita nikiimba."

Jioni ile nilimsubiri baba anawe mikono.

"Baba, kuanzia kesho naomba unipitishe kwanza."

"Kwa nini?"

"Mimi si mwanao?"

"Ndorobo hajui wewe ni mwana wa nani."

"Lakini sina ndorobo! Hujampata kwangu hata siku moja!"

"Apolinaria," alisema, akimega ugali, "ningejua siku ya kumpata, ningekukagua siku hiyo tu. Sasa kula."

Nilikula. Niliona baba ananionea ili watu wamsifu kwamba hana upendeleo.

Siku ya pili sikupanga foleni. Kabla ya kufika kizuizini kulikuwa na kichuguu kikubwa kilichozidi urefu wa mtu, na nyuma yake korongo kavu. Niliinama, nikafuata korongo, nikaibukia barabarani ng'ambo ya pili bila kuonwa na mtu. Baba nilimwambia baadaye kwamba nilikaguliwa alfajiri na msaidizi wake, aliyeshika zamu kabla yake. Uongo huo ulinitoka kirahisi hata nikajishangaa, na siku zilizofuata nikaurudia. Shuleni nilikuwa wa kwanza kufika, na mwalimu Damas akanisifu mbele ya darasa zima. Niliona raha, nisidanganye.

Siku ya tatu nilikwenda na Flavia. Baada ya juma moja nyasi za nyuma ya kichuguu zilikuwa zimelala, na mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba pale pana njia. Baada ya majuma mawili niliona alama ya gurudumu la baiskeli kwenye mchanga wa korongo. Nilisimama, nikaitazama. Hiyo si yangu, nikajiambia, mimi sina baiskeli. Nikairuka, nikaenda zangu.

Sisi ng'ombe hatukuweza kumfuga porini. Tulikuwa na mmoja tu, Mabaka, aliyelala zizini kwa mjomba Masele, kaka yake mama, ng'ambo ya kizuizi. Maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wangu. Kiangazi kilipokolea, Mabaka alianza kukonda ilhali anakula. Manyoya yalimsimama, machozi yakamchuruzika. Ng'ombe wawili wa mjomba wakafa. Bwana mifugo alikuja, akachukua damu, akasema ni nagana.

Mjomba alimfuata baba kizuizini, nami nilikuwapo, nimeleta chakula.

"Shemeji," alisema, na hakukaa ingawa alikaribishwa. "Asali unayokula siku hizi unapewa na nani?"

"Asali gani?"

"Ya wale unaowafumbia macho. Ndorobo hawakuruka peke yao mpaka kwangu. Wameletwa, na mlango ni huu, na mwenye mlango ni wewe!"

Mjomba akasema amekwisha kwenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji. Jumamosi kungekuwa na baraza, na kama baba asingejieleza, barua ingekwenda Boma afukuzwe kazi kama mla rushwa. Nilibaki na bakuli mkononi. Pale kizuizini nilikuwa peke yangu niliyejua la kumwokoa, nami nikalitua bakuli, nikaenda zangu nyumbani.

Jumamosi uwanja wa mwanangwa Raymundi ulijaa. Baba alisimama katikati, kofia mkononi.

"Nimemkagua kila mtu aliyefika kwenye mti," alisema.

Watu wakacheka. "Basi ndorobo wana mabawa ya uchawi!" mmoja akasema, wakacheka tena.

Nilimtazama Selemani, mrina asali mwenye baiskeli, maana baada ya alama ile nilikwisha kumwona korongoni mara mbili. Alikuwa akichora mchanga kwa kidole. Nilimtazama Flavia, akajifunika kanga ya mama yake. Hasira zilinipanda. Wanajua! Wanamwona baba anavuliwa heshima, na wamekaa kimya! Nilitaka kuwapigia kelele, na hapo nikagundua kwamba nami nilikuwa nimekaa kimya vilevile, nikimsubiri mwingine aanze.

Nikasimama.

"Shikamooni wazee. Baba hakula asali ya mtu. Watu wanapita nyuma ya kichuguu, kwenye korongo. Njia ile niliianza mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwanangwa aliniita mbele, akaniuliza polepole, nami nikaeleza yote: visiki, foleni, uongo niliomwambia baba, alama ya gurudumu niliyoiruka, na nani niliyemwona korongoni. Kisha akageuka.

"Selemani, baiskeli ile ni yako?"

"Ni yangu, mwanangwa." Alisimama bila kuinua uso. "Niliona nyayo za mtoto wa mlinzi. Nikasema, ikiwa wa kwake hawakaguliwi, mimi nipange foleni kwa ujinga gani?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo. Wengine nao wakaanza kusimama, mmoja mmoja. Walifika tisa.

Mwanangwa alihukumu siku ileile. Wote tuliopita tuzibe korongo kwa miiba na kufyeka vichaka vya kandokando mpaka kazi iishe. Selemani na wenzake wamlipe Masele mbuzi. Na Mabaka akipona, ndama wake wa kwanza awe wa Masele. Mjomba alimwendea baba, akampa mkono.

"Shemeji, nilikuvunjia heshima mbele za watu."

"Ulifiwa na ng'ombe," baba alisema. "Hata mimi ningemtafuta mwenye mlango."

Tukirudi nyumbani tulifika kwenye kichuguu. Hapo baba alisimama, akaitazama njia yangu, nyeupe na pana kama barabara ya Serikali.

"Ulikuwa na haki ya kulalamika," alisema. "Watoto wanakosa masomo kwa sababu ya foleni. Hilo ni kosa, na mimi sikuliona."

Nilishtuka. "Kwa nini basi ulinikatalia?"

"Uliniomba upite wewe, kwa kuwa ni mwanangu. Ungeniomba wapite wanafunzi wote kwanza, ningekwenda kwa mwanangwa kesho yake. Sheria ikiwabana watu tunaikalisha chini tunaitengeneza, mchana, mbele ya wote. Ukiizunguka peke yako kwa siri, hubaki peke yako. Atakufuata mwenye baiskeli, atamfuata mwingine, na mwisho wake ni zizi la Masele. Kila mtu pale alisema, mimi mmoja tu nitaharibu nini? Nawe ulisema hivyo."

"Nilisema, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kesho njoo na panga."

Tulifyeka siku sita. Mabaka alichomwa sindano na bwana mifugo, akasimama tena, ingawa maziwa yalikauka na mdogo wangu akanywa uji mtupu miezi mingi. Mwanangwa akaamuru kwamba kila asubuhi wanafunzi wakaguliwe kwanza, kabla ya mizigo. Warina asali walinung'unika kidogo, wakazoea.

Asubuhi ya kwanza ya utaratibu huo mpya nilitua mkoba wangu, nikanyoosha mikono.

"Geuka," baba akasema. Nikageuka. Kisha akauinua mkoba wa kaniki, akakunjua mkunjo wa chini, na kijiwavu kikashuka ghafla.

"Njoo uone."

Ndani ya wavu alikuwamo ndorobo mmoja, amekunja mabawa yake mgongoni, moja juu ya jingine, ametulia kama abiria aliyekwisha kukata tiketi. Baba alimtia kwenye chupa, akamwita aliyekuwa nyuma yangu. Mimi nilisimama kando, nikaanza kuhesabu asubuhi nilizopita korongoni na mkoba ule begani. Zilikuwa thelathini na nane. Reli ikagongwa shuleni, na kwa mara ya kwanza sikukimbia.