Vidonge Ndani ya Shati

Mke wa fundi cherehani alikuwa fundi pia, na mwenye sindano huona kila tatizo ni la kushona. Mumewe alipewa vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kikimbana. Alivisahau kila alipobadili shati.

"Kichwa chako kimetoboka," mkewe alimwambia.

Akashona kijifuko ndani ya kila shati. Akavitoa vidonge kwenye kichupa chao cha kioo, akavizungushia pamba, akavigawa mifukoni. Kichupa akakitilia vifungo vya nguo. Aliona fahari sana.

Asubuhi moja fundi alikuwa akikata kitambaa. Mkasi ukamdondoka, akashika kifua, jasho likamtoka. Mkewe akatoa kidonge shatini, akamwekea chini ya ulimi. Wakangoja. Maumivu yakabaki palepale. Mke akaingiwa na hofu, akamwita muuguzi wa nyumba ya pili. Wakamkimbiza hospitali, na huko akapata nafuu.

Waliporudi nyumbani, muuguzi aliuliza dawa iko wapi. Mke akamwonyesha shati.

"Dada, umeilisha pamba dawa," muuguzi alisema. "Dawa hii ni nitrogliserini. Haitulii. Huruka hewani kama manukato yaliyoachwa wazi. Pamba huinywa, nguo huinywa, hata plastiki. Joto na mwanga huiharibu. Kidonge hubaki na sura yake, kazi hakina."

"Nami nilijiona mjanja."

"Iache ndani ya kichupa chake cha kioo, kifuniko kikazwe."

Fundi akadakia kitandani, "Nasikia watu huitumia kupasulia miamba. Nisije nikalipuka na suti ya mteja."

"Ndani ya kidonge imo kidogo mno, hailipuki. Hulegeza mishipa, damu ipite. Kwa hiyo kaa kwanza, usije ukapata kizunguzungu. Usimeze. Dakika tano zikipita bila nafuu, ni hospitali. Na zile dawa za nguvu za kiume, usiziguse kabisa. Ukizichanganya na hii, presha hushuka vibaya."

Fundi akatazama dari.

Mke alifumua vijifuko vyote. Kichupa kipya akakiweka kwenye rafu kavu, mbali na pasi.

Maumivu yalirudi fundi akimpima mteja kifua. Akakaa. Mkewe akatoa kidonge kimoja, akafunga kichupa, akampa. Wakangoja. Rangi ikamrudia usoni.

"Yamekwenda," fundi alisema.

Mke alitaka kujibu, akajikuta analia. Mteja, mikono yake ingali juu, akauliza kama sasa anaweza kuishusha.