Soksi ya Jembe

Kila asubuhi kengele ikilia, tulikunja blanketi, tukajipanga kuhesabiwa, kisha mmoja wetu akaenda kumwaga ndoo ya haja. Mmoja huyo hakubadilika. Alikuwa Kitinda, mdogo kuliko wote, kwa sababu siku alipoletwa mahabusu ya watoto alimlilia mama yake. Sheria ya bweni letu ilikuwa hiyo: aliyelia si mwanamume, na asiye mwanamume ndiye mshika ndoo. Mimi nilicheka na wenzangu. Hadi leo kicheko kile kinaniaibisha.

Aliyetunga sheria hiyo alikuwa Jembe, kiranja wa bweni. Wiki moja bweni lilinuka uvundo hata uji ukatushinda.

"Kitinda, hujui kuosha! Rudia!" Jembe alifoka.

Kitinda aliisugua ndoo mara tatu, mikono ikachubuka kwa dawa ya kuoshea, lakini harufu ilibaki palepale.

Kitanda changu kilipakana na cha Jembe. Mchana mmoja, akidhani nimesinzia, alishusha soksi kidogo. Lo! Kisigino kilikuwa kimevimba, cheusi, usaha ukichuruzika, na uvundo ule ule ukanijaa puani. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amekanyaga msumari katika karakana ya useremala, akauchomoa, akanyamaza.

"Twende kwa muuguzi," nilimnong'oneza.

"Ukithubutu kusema, ndoo utaibeba wewe. Mwanamume hasemi anaumwa."

Niliogopa ndoo, nisiwafiche. Lakini nje nilimsikia Kitinda akisugua tena uchafu usio wake. Nikainuka, nikaenda zahanati kusema, na Jembe akapelekwa huko.

Muuguzi, mama asiyependa mzaha, aliikata soksi kwa mkasi kwa kuwa ilikuwa imegandamana na nyama. Jembe akapiga yowe, "Mama! Mama yangu!" Sote tulisikia, tumejazana kwenye dirisha la zahanati. Hakuna aliyecheka.

"Siku mbili zaidi, mguu huu ungekatwa," muuguzi alisema, akitukazia macho. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mnaficha kidonda, mnamtwika mtoto uvundo wenu, halafu mnajiita wanaume? Mwanamume husema panapomuuma, na uchafu wake huusafisha mwenyewe."

Jembe alirudi bwenini baada ya siku kumi, akichechemea. Kengele ilipolia, Kitinda aliinamia ndoo kama kawaida yake.

"Iache, mdogo wangu," Jembe alisema.

Mguu haukumruhusu kuibeba peke yake, kwa hiyo nikamsaidia. Kitinda alitutazama, mikono ikiwa bado na michubuko. Hakutushukuru, wala hakuwa na deni la shukrani kwetu.