Sori ya Kudra

Kila alasiri, wakishatoka shule na kuteka maji, wasichana wa Pande walicheza rede kwenye kiwanja kilicho nyuma ya nyumba ya Bi Mwanaima, mfinyanzi wa vyungu. Mpira wao ulikuwa wa matambara yaliyofungwa kwa kamba ya mnazi. Kudra, mwanafunzi wa darasa la nne, alikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Rafiki yake Samia alipenda kusema kwamba ukitaka kumshinda Kudra kwa maneno, msubiri alale.

Siku hizo shuleni kulikuwa na neno jipya. Bwana Shamba, Mwingereza mrefu aliyekuja kukagua mihogo ya shule, alimkanyaga Mwalimu Valentini mguuni, akasema, "Sori," akaendelea kukagua. Wanafunzi walilipenda neno hilo kama embe bichi kwa chumvi. Ukimwaga maji ya mwenzako, sori. Ukimpiga mtu kikumbo, sori. Hata aliyechelewa namba ya asubuhi alisema sori, akachapwa vilevile.

Basi alasiri moja mpira ukampita Samia, ukaviringika hadi upenuni kwa Bi Mwanaima. Hapo palikuwa pameanikwa vyungu vibichi, havijachomwa bado, vya kupikia arusi ya mjukuu wake. Kudra akaruka kuudaka mpira, mguu wake ukatua katikati ya vyungu. Vilivunjika kwa sauti ndogo, kama mtu anayetafuna makopa ya muhogo.

Bi Mwanaima akatoka ndani, mikono yake imejaa udongo. Hakupiga kelele. Alivitazama vigae, kisha akamtazama Kudra.

"Sori," akasema Kudra, ameshageuka, mpira uko kwapani.

"Umesemaje, mjukuu wangu?"

"Sori, bibi. Ni Kizungu. Ukishasema hivyo, yamekwisha."

Wenzake wakacheka. Bi Mwanaima akavitazama vigae tena.

"Kumbe yamekwisha," akasema taratibu, akarudi ndani.

Mchezo ukaendelea, lakini haukunoga. Kila mpira ulipomjia, Kudra aliuacha upite.

Kesho yake asubuhi, mama yake, Bi Kibibi, akamwita. "Kudra, kimbia kwa Bi Mwanaima ukaniombee kaa la moto."

"Mama, kwa kina Samia ni karibu."

"Tangu lini kwa kina Samia pakawa karibu?"

Kudra akaondoka. Alikwenda huko huko kwa kina Samia, akapita nyuma ya mikorosho ili asionekane.

Darasani, Mwalimu Valentini, mtu wa Kipatimu aliyekuwa mpole mpaka umkere, aliliandika lile neno ubaoni.

"Mnalitia kila mahali kama chumvi," akasema. "Haya, Waingereza hulitumia wapi?"

"Ukimkanyaga mtu," akasema Samia.

"Vyema. Hapo sisi tungesema samahani. Wapi tena?"

"Mtu akifiwa, mwalimu."

"Ndiyo. Hapo sisi husema pole. Waingereza hulisema pia wasiposikia vizuri, wakitaka urudie. Neno moja, kazi nyingi. Na ukimkosea mtu kweli kweli?"

Likwata, mvulana wa dawati la nyuma, akanyoosha kidole. "Ukimvunjia mtu vyungu vya arusi, mwalimu. Muulize Kudra. Kwake sori moja inatosha vyungu vyote."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Ni kweli, Kudra?"

"Ni kweli, mwalimu," akasema Kudra, akisimama.

"Na ulipokwisha kulisema, ulifanya nini?"

Kudra aliinama, akavitazama vidole vya miguu yake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Niliendelea kucheza."

Darasa likanyamaza. Kimya kile kilimuuma kuliko kicheko. Alitamani dawati limfunike. Mwalimu akamwambia akae, akageuka kufuta ubao.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake akichagua mbaazi kwenye ungo. Alikaa kando yake, akamweleza yote bila kujitetea, machozi yakidondokea kanga.

"Nina aibu, mama. Hata njia ile siwezi kuipita."

"Aibu ni jambo jema, mwanangu, ila usiifanye godoro ukailalia. Kitendawili."

"Tega," akasema Kudra kwa sauti ya chini.

"Nimekirusha kwa ulimi, nimeshindwa kukiokota kwa mikono."

Kudra akafikiri kidogo. "Neno."

"Neno. Lakini vigae vya Bi Mwanaima vinaokoteka. Mvua ziko njiani. Zikiingia, udongo haukauki wala chungu hakichomeki, na arusi ndiyo hiyo inakuja. Unataka wageni wapikiwe viganjani?"

Kudra alifuta uso, akaenda. Safari hii hakuzunguka mikorosho. Alipiga hodi, akaamkia shikamoo, akaketi chini kwenye mchanga mbele ya kizingiti, kama wanavyoketi watu wa Pande wanapomwomba mkubwa radhi. Kuomba radhi umesimama ni kama unaaga.

"Marahaba," akaitika Bi Mwanaima. "Leo hukuja na Kizungu?"

"Sikuja nacho, bibi. Nilikuvunjia vyungu vyako, kisha nikakufanyia mzaha. Nisamehe. Niambie nifanye nini, nitafanya."

Bi Mwanaima alivitazama vigae vilivyobaki upenuni. Kudra hakuinua macho.

"Chungu kibichi kikivunjika, udongo wake haujafa," akasema mwishowe. "Okota vigae vyote, hata vile vidogo. Vitwange, uviloweke. Ukisikia kokoto, itoe. Nikiikuta moja, utaanza upya."

Tangu siku ile, wenzake walipocheza rede, Kudra alikuwa upenuni akitwanga na kukanda udongo. Likwata alipita akamwita Mzungu wa matope. Samia alimtupia mpira kumjaribu, naye akaurudisha bila kuinuka. Mikono ilimchubuka. Vyungu vikafinyangwa upya, vikakauka, na siku ya kuchomwa wingu jeusi lilipita mbali upande wa bahari bila kudondosha tone.

Mwalimu Valentini alipita siku hiyo kuagiza mtungi, akamkuta Kudra akichochea moto, uso wote majivu.

"Kumbe uko hapa," akasema. "Sikiliza, binti. Sori, samahani, nisamehe, yote ni kupiga hodi. Anayepiga hodi kisha akakimbia, wenye nyumba humwitaje?"

"Mtundu, mwalimu."

"Basi. Ukimkosea mtu, piga hodi, subiri, ingia, utengeneze ulichokiharibu. Mtu hasamehewi akiwa mbioni."

"Nimeelewa, mwalimu."

"Mwalimu," akaita Bi Mwanaima kutoka upande wa pili wa moshi, "mwache mjukuu wangu afanye kazi. Vyungu vyetu vitaungua."