Magoti ya Kuazima

Ndugu zangu mnaokaa pwani hii ya ziwa, kutoka Bukima hadi Suguti, na ninyi mliohamia Musoma mjini mkadhani mambo haya hayawahusu, sikilizeni. Habari hii ni ya nyumba ya dada yangu Marieta. Jina la kijiji nalificha, wala si kwa heshima. Ni kwa sababu wahusika bado wanakaa viti vya mbele kanisani, na sitaki waje kunigombeza kabla sijamaliza kusema.

Nyumba ya Marieta na mumewe Bernado ilikuwa na amani. Bernado alivua furu na sato, Marieta alilima mihogo, na binti yao Marcelina alikaa mbele ya nyumba akianika dagaa huku akiimba nyimbo za kanisani, hata wapita njia wakapunguza mwendo. Miguu ya Marcelina ilipooza akiwa bado ananyonya. Alitambaa. Alitambaa kwenda jikoni, chooni na kwa jirani, na magoti yake yalikuwa na vidonda visivyopona, maana kila siku vilisuguliwa upya. Alikuwa na hamu moja tu duniani, kwenda shule. Herufi za kwanza alijifunza kwenye makopo na magunia, akimsumbua kila mgeni kwa kumuuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Lakini shule ilikuwa Bukima, na Bukima hapafikiki kwa magoti.

Ukaja mwaka wa themanini na nne. Tuliokuwepo tunaukumbuka. Mvua ilikataa, mihogo ikanyauka, na madukani hapakuwa na sabuni wala sukari. Tulifua nguo kwa majani ya mpapai. Serikali ikatangaza kwamba kila nyumba yenye mlemavu itapata gunia la mahindi ya njano na blanketi. Zaidi ya hapo, mtoto mlemavu aliye tayari kwa shule angepewa baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Afisa wa ustawi, Bi Susana, angetoka Musoma kupita nyumba kwa nyumba ili aone kwa macho yake mwenyewe. Marcelina aliposikia neno baiskeli alianza kufanya mazoezi ya kuzungusha mikono hewani, mama yake akacheka hadi machozi.

Amani hiyo haikudumu. Jioni moja Masatu, mwenyekiti wa kijiji, aliingia na kukaribishwa kiti.

"Bwana Bernado," alisema, "kijiji kizima kina njaa, na mlemavu tunaye mmoja tu."

"Sasa tufanyeje, Mwenyekiti?"

"Tumwazime. Kwani ng'ombe wa maziwa hatuazimanagi? Mtumbwi wako si huwaga unakuja kwangu? Huyu naye aonekane kwako, aonekane kwangu, aonekane kwa jirani yetu Makongoro. Kila mmoja apate gunia lake. Hapo nani kaibiwa?"

Marieta aliacha kupepeta unga. "Shemeji, mtoto si mtumbwi."

"Mama Marcelina, unataka kula peke yako wakati watoto wa wenzako wanalala na njaa?"

Marieta akamtazama mumewe. Bernado akatazama chini. Alikuwa mtu mwema, lakini wa wale ambao kumkatalia jirani wanaona ni matusi. "Ni siku moja tu, mama," alisema.

Ngoja niseme hapa, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Ni kweli sisi huazimana ng'ombe. Mwenye wengi humpa asiye naye, naye hukamua, watoto wakanywa maziwa. Ni desturi nzuri sana. Masatu aliichukua desturi hiyo safi akaivika wizi. Na usidhani alikuwa na njaa! Ghala lake lilikuwa na mtama. Makongoro alikuwa na mbuzi wa kuuza. Aliyekuwa na njaa kweli ni bibi Kija, mjane aliyekuwa akichemsha majani pori, na hakuna aliyekwenda kumwazima mtu yeyote.

Siku ikafika. Gari la Bi Susana lilisimama kwanza kwa Bernado. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya pole. Alimsomesha Marcelina maneno yaliyokuwa kwenye gunia, mtoto akayasoma mengi. Kisha akayaona magoti.

"Mwanangu, haya yanauma?"

"Yamezoea, mama."

Bi Susana aliomba maji ya moto akaviosha vidonda mwenyewe. Lililokuwa bichi zaidi ni goti la kulia. Akatoa leso yake ya buluu yenye maua meupe pembeni, akalifunga. "Baiskeli yako nitaileta mimi mwenyewe," alimwambia. Gunia likashushwa, blanketi likatolewa.

Kabla hajaondoka, Masatu akamng'ang'aniza ale kwanza. Wakati mgeni anakula samaki, Makongoro alimpakia Marcelina kwenye baiskeli yake nyuma ya nyumba, akamkimbiza kwa njia ya ufukweni. Akabadilishwa gauni, akafungwa kitambaa usoni, akalazwa pembe ya giza nyumbani kwa Masatu, miguu ikafunikwa.

"Huyu ni Nyamburi wangu," Masatu alisema afisa alipofika. "Hatembei, na macho nayo yanamsumbua, mwanga unamuumiza." Bi Susana alimwonea huruma, hakutaka kumsumbua mgonjwa. Gunia la pili likashuka.

Kwa Makongoro mtoto aliitwa Boke. Alikuwa amechoka, amerushwarushwa njiani, na kiu imemkaba. Bi Susana akainama pale alipolala. "Maji bado ninayo kwenye chupa," alisema. "Huyu naye ngoja nimwoshe magoti, bila shaka yanafanana na ya yule mwenzake."

Akafunua blanketi. Kwenye goti la kulia palikuwa na leso yake ya buluu.

Bi Susana akamfungua mtoto kitambaa cha usoni taratibu. "Mwanangu, jina lako nani?"

Marcelina alimtazama Masatu, kisha Makongoro. Alikuwa amefundishwa kuwatii wakubwa. "Boke," alisema, machozi yakamtoka.

Bi Susana alisimama. Aliagiza magunia yote yarudishwe garini, la kwa Masatu na lile la kwa Bernado pia. Marieta akakimbia hadi kwenye gari, kanga ikimdondoka. "Mama, huyu ni wangu! Nimemzaa mimi! Baiskeli ni yake kweli!"

"Kila nyumba niliyoingia nimeambiwa hivyo hivyo, dada," Bi Susana alijibu, naye analia. "Na mtoto mwenyewe kaniambia jina jingine. Nitamwamini nani?"

Baada ya hapo Marieta alimbeba binti yake mgongoni hadi Musoma. Ofisini waliambiwa kijiji chao kimefutwa kwenye orodha ya msaada. Baiskeli ilikuwa imekwenda Bunda, kwa mtoto ambaye majirani zake hawakumwazima. Masatu je? Aliendelea na uenyekiti. Akasema Bi Susana ana roho mbaya.

Miaka ikapita. Ruhusa ya biashara ikaja, maduka yakajaa sabuni na mitumba, sangara wakawa wanauzwa hadi nje. Bernado alikufa akiwa hajapata ujasiri wa kuongelea siku ile. Marcelina akawa mwanamke mzima, bado yuko chini, anashona nyavu za watu. Ndipo likatangazwa zoezi lingine la kuwasaidia walemavu. Na nani aliingia uani, ameshika kilo ya sukari na kanga mpya? Masatu, na nywele zake zote nyeupe, bila aibu.

"Mwanangu Marcelina, ni siku moja tu."

Marcelina aliweka wavu pembeni. Akavuta gauni hadi juu ya magoti. Ngozi yake pale ilikuwa nyeusi na ngumu kama kisigino.

"Baba mkubwa, haya siazimi tena," alisema. "Ukiyataka ya kwako, anza kutambaa kutoka hapa hadi Bukima. Ukifika yatakuwa tayari."

Masatu akaondoka na sukari yake. Marcelina hakuishia hapo. Siku ya mkutano alitambaa hadi mbele ya maafisa wapya, akaeleza yote, akiwataja watu kwa majina nao wamekaa palepale. Safari hii walemavu walikaguliwa watu wote wakiwa wamekusanyika pamoja, kila mlemavu akiwa karibu na watu wa nyumba yake, na bibi Kija, sasa kipofu, akapata mgao wake wa kwanza.

Baiskeli ya Marcelina ilikuja. Siku ileile aliiendesha hadi Bukima, akaingia uwanja wa shule ametota jasho, akaomba aandikishwe darasa la kwanza. Mwalimu alitoka nje akamwambia kwa upole kwamba umri umepita.

MAFUNZO

Msaada wa mlemavu ni wa mlemavu. Si wa mwenyekiti, si wa jirani, wala si wa baba mwenye aibu ya kusema hapana. Anayesingizia ulemavu haiibii serikali peke yake, anamfanya mlemavu wa kweli aonekane mwongo, na huyo ndiye anayelipa. Ninyi wazazi kama Bernado, ujirani usiwafunge midomo. Ninyi viongozi, waiteni watu hadharani, mkague mbele ya wote, kwa maana penye uwazi Masatu hana kazi. Na wewe uliyesoma hadi hapa, likija tena tangazo la msaada, ukaulizwa kama nyumbani kwako kuna mlemavu, na hayupo, sema hayupo. Ni neno dogo, halimchubui mtu magoti.