Mbawakawa wa Sabina

Sabina alichora kwenye kikombe Wachina watatu wakinywa chai. Tanuri likarudisha wanne.

Yule wa nne alisimama pembeni mwa kikombe, amewapa wenzake mgongo.

"Umechoka, shemeji," alisema Veit, mchochea moto. "Umemchora ukasahau."

"Mwezi mzima nachora watatu. Sijui kuchora shingo kama ile."

Kweli hakujua. Wachoraji wa vyombo mjini Augsburg wote walichora Wachina kwa kukisia: kofia kama kengele, masharubu kama mikia ya panya. Huyu shingo yake ilikuwa na mikunjo ya mtu.

Kikombe kilirudi motoni ili urembo wa dhahabu ushike. Kilipotoka, mgeni alikuwa amegeuka, anatabasamu, ameshika mkono wa mtoto mwenye aproni ya kiraka. Kiraka kile Sabina alikishona mwenyewe.

Akakimbilia chumbani. Afra, bintiye wa miaka sita, alikuwa dirishani, mchana kweupe, jua limempiga usoni na bado anatetemeka, vidole vyake vimekuwa vyeupe na laini, na mama yake alipovigusa kwa ukucha vililia kama kikombe, huku chumba kikijaa harufu ya majani mabichi ambayo hakuna aliyeyaleta.

"Mama, yule babu anasema kwao hakuna baridi."

"Mwambie na wewe una kwenu."

Veit alinong'ona mlangoni. "Tumwite padri."

"Padri atakivunja kikombe. Na mtoto yumo ndani."

Chombo kikitoka na doa, wachoraji hawakitupi. Huchora mdudu juu ya doa. Sabina akasaga rangi nyeusi, akaanza kumchora mbawakawa juu ya uso wa yule mgeni, na midomo ikawa inachezacheza chini ya brashi, na mpini ukapata moto hadi ngozi ya vidole ikanuka, naye hakuinua mkono.

"Nimezaa watano, nimezika wanne," alimwambia. "Huyu humpati. Kwangu wewe ni doa tu."

Akakirudisha kikombe motoni. Tanuri lilikwaruzwa kutoka ndani hadi jioni. Kikombe kilitoka na Wachina watatu na mbawakawa mmoja. Mtoto hakuwepo. Afra aliomba supu.

Mnunuzi aliyeagiza vikombe kumi na viwili alipelekewa kumi na kimoja. Cha kumi na mbili Sabina anakinywea kahawa. Kila Jumatatu hukuta mguu mmoja wa mbawakawa umefutika. Huuchora upya, akakirudisha motoni.

Siku hizi miguu anaichora Afra.