Mkono Uliogusa Mirihi

Mikono miwili ilikamata kigari kimoja kwenye lundo la vifaa chakavu, mchana, soko limefurika.

"Achia, kaka. Nimekiona mimi kwanza."

"Dada, na gauni zuri hilo la manjano, unacheza na vigari?"

"Nakipeleka Mirihi."

Fundi wa feni aliduwaa hata akakiachia. Mwanamke alikuwa mwalimu wa sayansi, vumbi la chaki limemganda mkononi. Wanafunzi wake walitaka kuunda roboti kama zile zinazotembea kwenye sayari ya Mirihi, lakini walipoomba vifaa, ofisi ya elimu iliwaletea picha ya kubandika ukutani. Picha! Watoto wa wakubwa hawasomi shule hizo, ndiyo maana.

Fundi akajitolea. Kila jioni akifunga kibanda alikwenda shuleni. Stoo ya viti vibovu waliimwagia mchanga mwekundu na mawe, ikawa Mirihi. Watoto walikaa darasani, ng'ambo ya ua, wakiiendesha roboti kwa picha za kamera yake tu. Amri ikitumwa, roboti hukaa kimya kwanza, kama vile ujumbe unasafiri mbali, ndipo hutii. Na haiguswi. Mirihi hakuna mtu wa kunyoosha mkono.

Mapenzi nayo yakaota hapo hapo.

"Umekula, Mwalimu wangu?"

"Nasahihisha madaftari. Wewe?"

"Nimejipulizia manukato, ndipo nikakumbuka uko kwenye simu."

Mwalimu alicheka mpaka mama yake akapaza sauti sebuleni: "Mwambie huyo wa mafeni nasikiliza taarifa ya habari!"

Siku ya ukaguzi ikafika, mkaguzi mkuu akaja, suti imemkaa, tumbo limetangulia. Akiridhika, watoto wangepewa chumba na vifaa. Asiporidhika, stoo inarudi kuwa stoo.

Amri ikatumwa. Roboti kimya. Mkaguzi akatazama saa, akapiga miayo. Fundi, amesimama mlangoni mwa stoo na shati jipya jeupe, alimwona Mwalimu dirishani akijiuma kidole. Moyo ukamshinda. Akaingia, akaisukuma.

Kwenye kompyuta darasani ukatokea mkono wa mtu. Mkono, Mirihi!

"Udanganyifu!" mkaguzi akafoka. Hakuuliza hata neno. Stoo ikapigwa kufuli kabla gari lake halijatoka getini; watoto waliwahi kuitoa roboti tu.

"Umeigusa," Mwalimu alimwambia Fundi uani. "Ilikuwa karibu itii!"

"Nilidhani imekufa, mpenzi."

"Usiniite mpenzi."

Usiku Fundi alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa kabisa.

Wiki haijaisha, Mwalimu akaitwa ofisi ya elimu. Amehamishwa, basi, hakuna maelezo. Alitoka pale anachemka, moja kwa moja hadi kibandani kwa Fundi, amtolee mtu huyo yote yaliyomkaa rohoni. Mlangoni akakwama, mkono mdomoni. Ndani hamna feni hata moja. Mchanga mwekundu umejaa sakafuni, watoto wamebanana ukutani na kompyuta, roboti inapanda jiwe. Fundi mwenyewe anafanyia kazi nje, juani.

"Nani kawaruhusu?"

"Mimi. Hapa hamna mkaguzi."

Hasira zikamwisha, akabaki na maneno machache. "Wamenihamisha. Mbali sana. Jumatatu."

Bisibisi ikamdondoka Fundi. "Kwa sababu ya mkono wangu?"

"Kwa roho zao mbaya."

"Nakufuata."

"Na hawa unamwachia nani?"

Fundi akageuka, akawatazama watoto. "Basi nikubali, nikuoe. Wewe huko, mimi hapa, tutaonana likizo."

Watoto wakaiacha roboti. Mwalimu, macho yamemtoka, akampigia mama yake na kuweka sauti ya juu.

"Mama, anataka kunioa."

"Nani? Wa mafeni? Aliyekuponza?"

"Ndiye."

"Mpe simu. Wewe! Mwanangu anafukuzwa mji kwa ajili yako, halafu unataka nikupe?"

"Ndiyo, mama."

Upande wa pili, sauti ya redio ikapunguzwa.

"Una uso mkavu, kijana. Jumapili, uje na wazee wako. Usichelewe, ana mizigo ya kufunga."

Watoto wakalipuka kwa kelele. Mwalimu akakaa mchangani na gauni lake safi, akicheka na machozi yanamtoka.

Jumatatu basi likaondoka na mchumba wa mtu, na kule ofisini hakuna hata mmoja aliyeona haya.