Ubao Uliosafiri kwa Basi

Ubao ulikuwa umetoweka. Palibaki kishikio cha shaba, kibandiko ukutani, na Lodi Wexcombe akifoka kama birika.

Mwingereza huyu aliijaza nyumba yake ya Al-Rawdah, Jeddah, vitu vya kale vya watu wengine. Kibandiko kilisema: "Ubao wa kaburi, pwani ya Kenya. Mwenyewe hajulikani."

Inspekta Munif, ambaye mama yake alikulia Malindi, alipiga magoti. Sakafuni, kwenye majimaji, sisimizi walikuwa na mkutano.

"Kiyoyozi kinavuja," alisema Lodi.

"Sisimizi hawana haja na kiyoyozi, bwana." Alichukua sampuli kwa pamba, akainusa. Maji ya dafu.

Kamera ya getini ilimwonyesha Ephraim, dereva, akipakia garini meza ya kupigia pasi, imefunikwa kitambaa chake. Munif alimfuata jikoni.

"Uliipeleka wapi?"

"Basi la Riyadh, bosi. Pauline alisema inaenda kutengenezwa."

"Karibu kilomita elfu?"

"Mimi dereva, bosi. Si fundi."

Kando yao Pauline Kadzo, mfanyakazi wa ndani, alikuwa akipiga pasi shati la Lodi juu ya meza ya kupigia pasi.

"Dada Pauline, meza hiyo imerudi lini kutoka Riyadh?"

Pasi ikasimama.

"Haikwenda. Kilichokwenda ni kigango cha babu yangu, ubao unaobeba roho yake."

Ephraim alishika kichwa. "Wee! Mimi nimebeba babu?"

"Na mkanda ukamfunga. Asante."

"Na dafu?" aliuliza Munif.

"Kigango hakihamishwi. Ilibidi nimwombe babu radhi. Kwetu tunamwaga tembo la mnazi, huku tembo 'mafi', hakuna, kama wasemavyo Waarabu. Nikanunua dafu la kopo. Sadaka haipanguswi, hata kwa kuogopa polisi."

Alitoa simu. Pichani bibi yake alisimama kando ya ubao uleule, umemeguka bega la kushoto.

"Kiliibwa nikiwa darasa la tano. Bibi alikufa akikililia. Hapa kila Jumatatu nakipangusa vumbi, nasoma 'hajulikani'. Sasa kiko ubalozini kwetu, Riyadh. Risiti hii, na muhuri."

"Mwizi!" Lodi alibwata mlangoni. "Ikama yake, kibali cha kuishi hapa, ifutwe!"

Pauline alinyoosha mikono ipigwe pingu. "Andika, Inspekta. Nimekichukua, sikani. Kisha fungua ukurasa wa pili wa daftari, umuulize yeye alikichukua wapi."

"Karatasi za ununuzi, bwana?"

Lodi alikohoa.

"Mafi?" Munif akafungua ukurasa wa pili. "Jina kamili la mwenye mali?"

Lodi alitanua kifua.

"Si wewe. Dada Pauline?"

"Babu yangu, Kahindi wa Mwadzaya. Kwa herufi kubwa."